Swali la Kumi na Nne

Bujonde, Kyela
14 Julai 2024

Mama mdogo Nancy,

Shikamoo. Huku tumeamka wote. Baba yuko Njisi anamalizia kuvuna mpunga, akirudi Jumamosi kichwa chote kina makapi kama mzee mwenye mvi. Kakao nyingi iliozea mtini kwa zile mvua, ila iliyobaki tumeivundika na sasa tumeianika, uwanja mzima unanuka siki. Bibi wa Ipinda anaumwa goti lakini kanisani anafika. Babu yupo.

Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi, unajua mwenyewe. Ukipiga, baba ananikabidhi simu, watu wanautazama mdomo wangu, nasema nzuri, ndiyo, nzuri, halafu namrudishia. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama. Mwalimu Generosa amesema bahasha ya mitihani yenu inapanda basi la Dodoma Jumatatu, na karatasi yangu haiwezi kuizidishia uzito. Alicheka. Sikujua kama ni utani.

Basi, mtihani wenu wa majaribio tuliufanya. Mwalimu aliandika ubaoni FIKRA TUNDUIZI, Aliko akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ni fikra zenye matundu?"

"Kwako wewe yapo, Aliko, tena yanapitisha upepo."

Tulicheka mpaka kidato cha pili wakaja kuchungulia dirishani. Halafu akatueleza kwamba kutunduia ni kukitazama kitu kwa kukivizia, bila kukiamini haraka. Akasema mtihani huu haupimi unachokumbuka, unapima unavyofikiri, kwa hiyo hakuna kukariri. Hapo ndipo watu walipoogopa. Kukariri ndiyo kitu pekee tulichojiandaa nacho.

Safu za mbele walipewa wa Kiswahili, sisi wa nyuma tukapewa wa Kiingereza. Mimi hukaa nyuma. Kuna swali la Maria na pikipiki ya baba mkwe wake; kwa Kiingereza baba mkwe anaitwa baba wa kwenye sheria, Aliko akaelewa ni baba askari. Nje alikuwa anabisha na kila mtu: "Nyie mngepanda pikipiki ya polisi? Maria ana akili kuliko nyie." Nilicheka na mimi. Niliisikia sauti yangu ikicheka.

Nilipofika swali la kumi na nne niliweka kalamu chini. Nalinakili hapa ingawa unalo.

Maria anaishi jirani na baba mkwe wake. Kwa mila ya kwao, Maria hamkaribii baba mkwe, hamtazami usoni wala hatamki jina lake. Siku moja ya mvua Maria anaugua ghafla. Baba mkwe ana pikipiki nzima, yenye mafuta. Maria hakupanda. Alifia njiani kabla ya kufika hospitali. Kwa nini Maria alikufa? A. Mvua ilikuwa kubwa. B. Maria na baba mkwe wake walifuata mila bila kufikiri. C. Siku yake ilikuwa imefika. D. Taarifa zilizotolewa hazitoshi.

Sikujibu. Nililiacha wazi nikaenda la kumi na tano, la samaki na bei.

Mama mdogo, hapa kwetu watu wanajuana. Kabla kengele haijalia shule nzima ilishajua Maria ni nani na baba mkwe ni nani. Wakati wa kurudi walimkuta babu barazani kwake anachambua kakao. Wakapita mmoja mmoja. "Shikamoo B." "Shikamoo mzee B." Babu akaitikia marahaba kwa kila mmoja wao. Jioni akaniuliza, "Tusa, B ndiyo nini?" Nikamwambia ni herufi tu.

Swali hili ni wewe uliyelitunga? Nauliza tu.

Usidhani nimeumia. Tangu mama alipofariki sijisikii vibaya wala vizuri. Ni kama mguu ulioukalia ukafa ganzi, ukiugusa unajua ni wako, basi. Naishia hapa, mvua inataka kunyeshea kakao.

Mwanao,
Tusajigwe


Dodoma
2 Agosti 2024

Tusa mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliikuta juu ya rundo la karatasi. Leonce, mwenzangu wa ofisini, alisema, "Kyela wametuletea mtahiniwa mmoja aliyejibu maswali ambayo hatukuuliza." Nikautambua mwandiko kabla sijasoma jina. Unaandika kama mama yako, herufi zimelalia kushoto.

Huku ni upepo na baridi, midomo inapasuka. Nilinunua mchele sokoni, muuzaji akaapa ni wa Kyela. Nimeupika, haunukii chochote. Mwambie mama yangu huko Ipinda dawa ya goti nitaituma kwa basi, na asiwape watu waijaribu.

Ndiyo, ni mimi niliyelitunga. Sitakudanganya. Jina nimebadilisha, mahali sikutaja. Sikutegemea shule yenu ingechaguliwa kwenye majaribio. Ilipochaguliwa ningeweza kusema, na sikusema. Pole kwa hiyo salamu ya njiani, watoto ni watoto.

Sasa nisikilize kama mtu mzima. Kazi yetu hapa ni kupima kitu kisichoonekana. Mpunga unaupima kwa debe, homa unaipima kwa kipimo cha kwapani, lakini fikra utaziweka wapi? Kwanza tulikaa wiki nzima tunabishana fikra tunduizi ni nini. Leonce akasema ni kuuliza maswali. Nikamwambia hata kichaa anauliza maswali. Mwisho tukakubaliana: ni uwezo wa mtu kuizuia hukumu yake mpaka ushahidi utoshe, hata pale moyo unapomvuta upande mmoja. Halafu unatunga swali lenye mtego, unamwacha mtoto apite, unaona anakanyaga wapi.

Swali la kumi na nne nililitunga kwa sababu hiyo. Dada yangu alikuwa na akili kuliko mimi. Alinifundisha kusoma kwa kuandika kwenye majivu jikoni. Akafa kwa sababu hakutaka kukaa nyuma ya mzee ambaye alimkimbia maisha yake yote, na mzee mwenyewe akasimama msibani, mbele za watu, akasema: "Mkwe wangu hakupanda pikipiki yangu." Alisema kama anajisifu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, nikamwangalia viatu.

Mtihani unakamilika Novemba, baada ya hapo utakwenda mikoa mingi. Swali likipita, angalau mtoto mmoja wa kike mahali fulani atajifunza kupanda.

Karatasi yako imefika mikononi mwangu. La kumi na nne umeliacha wazi. Nimekupa sifuri kama mwongozo unavyotaka. Wewe ndiye mtoto pekee nchi hii ambaye angelijibu bila kukisia, Tusa. Kwa nini hukulijibu?

Mama yako mdogo,
Nancy


Bujonde
18 Agosti 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Dawa ya goti imefika. Bibi ameshampa jirani yake mama Andrea ajaribu. Baba amemaliza mpunga, ameuza na mwingine ameweka. Amenunua bati za jiko, jiko ambalo mama alikuwa akilisema kila masika. Sasa halivuji. Tunapika humo na hakuna anayesema kitu.

Sifuri nimeipokea. Mwalimu Generosa aliniita ofisini akaniuliza kama nina tatizo la kuona ubaoni.

Umesema mama alimkimbia babu maisha yake yote. Nataka kusema kitu kuhusu hilo, usikasirike. Wewe uliondoka kwenda kusoma mapema, mimi nimekaa naye. Siku hizi wake wengi hapa wameacha mambo ya kutila wakwe, yaani kuwaogopa na kuwakwepa, wanapita tu wanawasalimia, na wazee wenyewe wamezoea. Mama hakuacha. Lakini kumwogopa mkwe namna ile si kukimbia. Ili usikutane na mtu unatakiwa umjue. Mama alikijua kikohozi cha babu, cha asubuhi na cha jioni. Alijua saa yake ya kwenda kisimani, njia anayoipenda kwenye migomba, sauti ya pikipiki yake kutoka kwenye kona ya kanisa. Mimi nilikuwa namwona amesimama nyuma ya mti wa kakao, kanga usoni, anasikiliza. Mwalimu alipotuambia maana ya kutunduia, huyo ndiye niliyemwona.

Babu naye alikuwa hivyohivyo. Akikaribia kwetu alianza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti mbaya, makusudi, ili mama apate nafasi ya kuondoka. Hakuwa mwimbaji. Tulikuwa tunamcheka.

Sasa haimbi. Pikipiki ameifunika gunia, kwenda Kyela mjini anatembea. Tulipoondoa matanga alipeleka mchele kwa bibi Ipinda, gunia lililojaa, kwa mkokoteni. Bibi akalirudisha bila kulifungua. Akasema, "Mwambieni ampe mtu anayeweza kuumeza." Babu alilipokea gunia akaliweka palepale lilipokuwa. Kanisani wanakaa pande mbili, watu wa Ipinda kushoto, yeye kulia, na mimi sijui nikae wapi, kwa hiyo nafika nikiwa nimechelewa nakaa mlangoni. Likienda mikoani hilo swali lenye jibu la B, basi litakuwa limekwisha. Itakuwa imeandikwa.

Nina maswali mawili. La kwanza: mtu akiwa analijua jibu lakini amekatazwa kulisema, mtihani wenu unampima vipi?

La pili: unaikumbuka siku ile? Namaanisha wewe ulikuwa wapi.

Mwanao,
Tusajigwe


Dodoma
19 Septemba 2024

Tusa,

Marahaba. Samahani nimechelewa, tulikuwa tunasahihisha, halafu nikaugua mafua, halafu nikawa naiona barua yako kila siku. Baba yako alinipigia akasema umepungua. Kula. Hata kama husikii ladha, kula tu kama unajaza debe.

Nikueleze kilichotokea ofisini, maana kinakuhusu. Swali zuri linatenganisha. Wanafunzi waliofanya vizuri mtihani mzima walipate, waliofanya vibaya walikose. Likienda hivyo, linapima. Leonce alikuja na majedwali yake akakaa kwenye kona ya meza yangu, kitu nisichokipenda.

"Nancy, la kumi na nne linatembea kinyumenyume."

"Maana yake?"

"Wenye akili wote wamelikosa. Wamechagua D. B wamechagua wale waliofeli kila kitu."

"Basi wenye akili hawajafunzwa kuona."

"Au mwongozo ndio umekosea. Soma mwenyewe. Swali halisemi alikuwa na ugonjwa gani, hospitali iko mbali kiasi gani, wala nani alimzuia. Sisi tumesema tunapima kuzuia hukumu. Hili linapima nani amekasirika pamoja na mtunzi."

Nikamwambia yeye ni mtu wa Bukoba, hajui mambo ya Kyela. Akasema hata karatasi haijui mambo ya Kyela, na mtoto anasoma karatasi. Hatujaongea vizuri tangu siku hiyo. Anaacha mlango wazi makusudi, upepo unapeperusha karatasi zangu.

Sijaliondoa. Uamuzi ni wa mwisho wa Oktoba.

Umeuliza siku ile nilikuwa wapi. Nilikuwa kazini.

Na hilo la kwanza: mtihani hauna namna ya kumpima aliyekatazwa. Anaonekana sawa na asiyejua. Ni udhaifu wa kipimo, tunaujua. Nani amekukataza?

Mama yako mdogo,
Nancy


Bujonde
6 Oktoba 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Baba mzima. Bibi goti limepoa. Mama Andrea naye limepoa, kwa hiyo dawa imekwisha. Samaki wamepatikana wengi, usipa unaanikwa mpaka barabarani na bodaboda wanaukanyaga. Nakula.

Aliyenikataza ni babu. Alisema, "Nisikusikie unasema, hata nikifa." Yeye hajafa, na mimi nasema. Nimewaza wiki hizi zote kama ni vibaya, na sikuweza kusikia kama ni vibaya au la. Kwa hiyo nasema.

Mama alipanda.

Tumbo lilimshika alfajiri, kufika asubuhi akawa hawezi kusimama. Baba alikuwa Njisi, maji yamemfungia huko. Babu alikuja akasimama nje ya mlango, kaupa mlango mgongo, akasema na mgomba: "Tusa, mwambie mama yako chombo kipo." Nikamwangalia mama. Mama akasema, "Mwambie babu yako ndaga fijo, namshukuru sana. Mwambie nakuja." Walikuwa wanasikiana wazi, lakini nilimwambia hivyohivyo.

Tukapanda watatu. Babu mbele, mimi katikati, mama nyuma, kajifunika kanga kichwa chote, kashika mabega yangu. Nilikuwa ukuta. Njia nzima walikuwa wanaongea kupitia kwangu. "Mwambie asiguse bomba, linaunguza." "Mwambie sijaligusa." "Mwambie mbele kuna shimo." "Mwambie naliona." Mama alicheka kidogo hapo, kwa sababu kwenye ile kanga hakuwa anaona kitu. Mama mdogo, walikuwa hawajawahi kuongea kiasi kile.

Darajani mto ulikuwa umepita juu. Vijana walikuwa wanavusha watu kwa mtumbwi. Babu akaenda akaelewana nao, zamu yetu ilikuwa inafuata. Ndipo nilipokupigia kwa simu ya mama. Nilisema tuko darajani, maji yamejaa, mama anaumwa. Sikusema tumefikaje, na hukuuliza. Ulisema: msivuke, huo mto si wa kuchezea, nina mtu ana gari Kyela mjini, atazunguka na barabara ya juu, namwagiza sasa hivi, kaeni hapohapo. Nikawaambia mama mdogo amesema tusubiri. Babu akawaza, akasema, "Nancy amesoma." Akawarudisha vijana.

Tukasubiri.

Nakwambia na haya, kwa sababu yapo. Mtumbwi ambao ungekuwa wetu ulivuka, watu wakashuka wakaenda zao. Uliofuata ulipinduka, wakaokolewa wakiwa wamekunywa maji. Sisi, tukiwa na mgonjwa, sijui tungevuka au tungepinduka. Nimeligeuza kila upande na halikai.

Babu alisimama mbali, katupa mgongo, mvua inampiga. Mama alikuwa ameniegemea chini ya mwembe—hapana, ulikuwa mkorosho, nimeshaanza kusahau. Akasema, "Mwambie babu yako asisimame kwenye mvua." Nikapaza sauti nikamwambia. Babu bila kugeuka akasema, "Mwambie sijalowa."

Nikageuka nimwambie mama kwamba babu hajalowa. Sikuwa na mtu wa kumwambia.

Gari halikuja. Tulipopata watu wa kumbeba, babu aliniita pembeni. Akasema ni yeye atakayezungumza msibani. Akasema watu wasije wakasema mkwe wake alivunja heshima siku ya kufa, baada ya kuishika miaka yote, na mimi nikae kimya. "Mimi wataniita chochote. Nimeshazeeka, majina hayanidhuru." Ndiyo maana alisimama akasema hakupanda. Wewe ulisikia anajisifu. Mimi nilikuwa nyuma yako kwenye mkeka, nilikuwa naangalia viatu vyake pia. Vilikuwa bado na maji.

Na kuhusu wewe hakusema neno. Nilimuuliza kama hata habari ya simu nisiiseme. Akasema, "Simu gani?"

Hujaniuliza kwa nini niliacha wazi, uliuliza kwa nini sikujibu. Niliacha wazi kwa sababu B ni uongo. D ndiyo ingekuwa sahihi, Leonce wako amesema kweli. Lakini D inasema taarifa hazitoshi, na mimi nilizo nazo ni nyingi kuliko nafasi ya kuandikia.

Mwanao,
Tusajigwe


Dodoma
10 Novemba 2024

Tusa,

Marahaba. Huku hatujambo. Joto limeanza.

Barua yako nilisoma nimesimama, nikaiweka kwenye droo, nikaenda kunawa mikono. Sijui kwa nini mikono.

Swali nimeliondoa. Leonce aliuliza nimeshawishika na nini, nikamwambia taarifa hazikutosha. Akafunga mlango, kwa mara ya kwanza tangu Septemba, akanipikia chai kwa ile heta yake inayorusha cheche.

Yule mwenye gari nilimpigia. Simu iliita mpaka ikakata. Nilikuwa koridoni. Mlango ukafunguliwa wakaniita, kikao kinaanza, kile cha kubishana fikra tunduizi ni nini. Nikasema nitampigia tena kikiisha. Tulibishana mpaka jioni. Nilitoa maana nzuri, wakaiandika.

Nimeandika swali jingine la kumi na nne. Halitaenda mkoa wowote. Ni la kwako peke yako.

Maria alipanda. Mtoto wake alikaa katikati. Walifika mtoni, mto umejaa. Mtu aliyekuwa mbali, mahali pakavu, aliwaambia wasubiri, nao wakamsikiliza kwa sababu amesoma. Kwa nini Maria alikufa?

Sikuweka A wala B. Nimekuachia mistari.

Nina likizo Desemba. Nilitaka kuja, halafu nikaona sina pa kupita. Mama yangu hapokei mchele wa babu yako kwa sababu yangu, maana mimi ndiye niliyemwambia pale msibani auangalie moyo wa yule mzee. Na babu yako sijui atanitazama vipi. Sijamwambia baba yako lolote. Sijui nianze na nani.

Nancy


Bujonde
24 Novemba 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Baba mzima, anapanda mpunga. Mvua za kwanza zimeshuka, jiko halijavuja.

Kwa bibi nimeanza mimi. Nilikwenda Ipinda Jumamosi, nikamkuta anapepeta. Nilisema yote kwa mdomo, mpaka mwisho, sauti ilikuwa inatoka ndogo na bibi akawa ananiambia, "Sema, mwanangu, hakuna redio hapa." La simu yako nimekuachia wewe, nilisema tu tulikuwa tunasubiri gari. Nilipomaliza aliulaza ungo wake mapajani. Halafu akauliza:

"Kwa hiyo wewe ulikaa katikati?"

Nikasema ndiyo.

"Na hawakutazamana?"

Nikasema hapana.

"Basi mwanangu hakuvunja kitu. Huyo mzee naye, mjinga, aliogopa nini kusema?" Akajifuta macho kwa upande wa kanga. "Lile gunia bado lipo au wameshalila panya?"

Jumapili alikaa kulia. Hakumsalimia babu, ila alikaa safu ileile, akalalamika kwamba huko kuna feni mbovu. Baba alikuwa hapo pia, na jioni alienda kwa babu wakakaa. Sikuenda kusikiliza.

Babu nilimwambia kwamba nimesema. Akasema, "Umesema." Halafu akanituma maji. Jana nimemkuta ametoa gunia kwenye pikipiki anasafisha plagi kwa kitambaa. Watoto wakapita, mmoja akasema shikamoo B. Aliko akamchapa kofi la kisogo, akamwambia, "Jibu lilibadilishwa, hukusikia?"

Swali lako nimelijibu. Nimeandika: Mto ulijaa. Mistari mingine nimeiacha. Halina alama kwa hiyo usinisahihishe.

Ganzi bado ipo, ila sasa imeanza ile ya kuchomachoma kama sindano. Nimeambiwa huwa inakuwa hivyo mguu unapoanza kurudi.

Babu ameniambia nikuandikie kwamba ukifika stendi ya Kyela usichukue bodaboda, wanakimbiza. Atakuja kukufuata mwenyewe. Amesema pia, akiwa anaangalia plagi, kwamba kwa mila mdogo wa mkwe naye ni mkwe, kwa hiyo usione vibaya asipogeuka kukusalimia. Nilimwambia asiwe na wasiwasi.

Mimi nitakaa katikati.

Mwanao,
Tusajigwe